Upepo Unaotoka Lamboni

Mtoto aliitwa Tabita, jina la bibi yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo baba yake hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama. "Mama, njoo ule." "Mama, vaa sweta, huoni baridi hiyo?" Huko kwao, kwenye vilima vya Mbozi, hakuna aliyeshangaa kumsikia mwanamume mwenye ndevu akimbembeleza mama yake wa miaka minne amalizie uji.

Kikohozi kilianza msimu wa kahawa, kipupwe kikiwa kimepamba moto. Recho, mama wa mtoto, alikuwa uani akipepeta mahindi. Akasikia mtu anakohoa ndani. Kilianza kikavu, kikavuta, kikavuta tena, kisha kikaishia na mluzi mwembamba kama wa birika. Ungo ulimponyoka, mahindi yakamwagika, kuku wakayavamia. Maana kikohozi kile alikijua. Alikiuguza mwaka mzima. Kilikuwa cha mama mkwe wake, marehemu Tabita mkubwa, aliyezikwa kule chini mwaka aliozaliwa mtoto.

Jofrey, mumewe, alitokea shambani na kikapu cha kahawa mbivu begani. Akasimama mlangoni.

"Nani anakohoa humo?"

"Mwanao."

Jofrey alivua kofia yake taratibu, kama mtu aliyekuta msiba. Wote wawili wakasikiliza.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya bonde. Ukishuka ukapita migomba, ukapita kahawa, unafika kwenye nyumba ndogo ya udongo aliyoishi bibi, na makaburi ya ukoo pembeni yake, na mbele ya nyumba hiyo ndipo lilipo lambo. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe. Bibi enzi zake aliteka humo maji ya kufulia, na mlango wa nyumba yake aliuelekeza lamboni kwa makusudi, akisema anapenda kuamka akiangalia maji.

Halafu, bibi akiwa ameshazikwa, kikundi cha wakulima kikapata mtambo wa kumenya na kuosha kahawa. Furaha iliyokuwepo siku ile, we acha tu! Kahawa iliyooshwa mtamboni inapata bei, na bei ndiyo bati, ndiyo ada, ndiyo pikipiki. Maji ya kuoshea yalihitaji pa kwenda. Wanaume wakachimba mfereji mpaka lamboni, wakiimba, na Jofrey alikuwa mstari wa mbele na jembe lake.

Msimu wa kwanza maji yalikuwa kama chai. Msimu wa pili, huo wa kikohozi, yakawa meusi kama oili chafu, yakaota utando juu, na chini ya utando mapovu yakapanda polepole, kama uji unaotaka kuchemka wakati chini yake hakuna moto. Vyura walinyamaza. Recho alikumbuka baadaye kwamba hakuna aliyeuliza vyura wameenda wapi. Ukaja na uvundo wa mayai viza, unaopanda jioni na upepo.

Kefa, msimamizi wa mtambo, alikuwa mtu wa utani. "Mnaziba pua za nini? Hiyo ndiyo harufu ya bati jipya!" Watu wakacheka. Mgeni akija akijifunika kwa kitenge, wenyeji walimtania kwamba ana pua ya mjini. Wao wenyewe baada ya wiki chache walikuwa hawasikii tena kitu. Recho naye hakusikia. Aliamini harufu imekwisha.

Sasa kuna jambo la bangili. Bibi aliacha bangili mbili za shaba nyekundu, pacha. Moja alichukua Jenista, dada yake Jofrey, aliyeolewa kule Ibaba, Ileje. Nyingine akapewa mtoto mwenye jina, ikazungushiwa uzi ili isimtoke mkononi. Kwa miaka yote ilikuwa inang'aa kama kaa la moto. Msimu ule wa kikohozi, Recho anamwogesha mtoto, anaona bangili imekuwa nyeusi. Si uchafu. Nyeusi kama sufuria ya kuni.

Akaisugua kwa majivu na limau, ikarudi nyekundu. Jumapili ilipofika ilikuwa nyeusi tena. Akaisugua tena. Hakumwambia mtu. Kila akiisugua alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake anamtazama, na mara moja aligeuka kweli, akakuta pazia tu linapepea.

Aliyeifichua ni shangazi yake Jofrey, mama mmoja mrefu aitwaye Ikupa, ambaye ukoo mzima ulimsikiliza. Siku hiyo watu walikuwa wanatoka ibadani. Ikupa akaukamata mkono wa mtoto ili amsalimie, akaona.

"Hii imeanza lini?"

"Juzijuzi tu, Shangazi," Recho akadanganya.

"Na kikohozi?"

Mtoto mwenyewe akajibu kwa kukohoa. Ikupa akafumba macho kama aliyechomwa na mwiba. "Huyo ni wifi yangu," akasema. "Ndiye huyo. Mwenye jina hajaridhika."

Ukoo wa Jofrey ulikuwa na desturi yake, ambayo haikutajwa kanisani. Mtoto akiugua ugonjwa wa mtu aliyempa jina, hurudishwa katika nyumba ya mtu huyo, akalazwa kitandani pake jioni mpaka asubuhi, na mlango huachwa wazi ukiangalia kile marehemu alichokipenda. Mwenye jina huingia, humtazama mtoto, huridhika, huondoka. Jofrey mwenyewe alirudishwa hivyo utotoni kwa babu yake, akapona. Utamwambia nini mtu aliyepona?

"Shangazi, kule bondeni kuna baridi," Recho alijaribu. "Na kifua chake hiki…"

"Baridi ya wapi? Bibi yake si ameishi humo mpaka uzee?"

Na akafia humo akikohoa, Recho alisema moyoni. Moyoni tu. Yeye ni mtu wa kuja, binti wa Ileje, darasa la saba, ataanzia wapi kubishana na shangazi wa mume?

Wakampeleka. Jua lilikuwa linazama, na upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza kushuka kutoka ng'ambo ya bonde, ukipita juu ya lambo kabla haujafika mlangoni. Jofrey alifungua kufuli, akausukuma mlango mpaka ukutani, akauegeshea jiwe. Wakamlaza mtoto kitandani kwa bibi. Ikupa akawasha koroboi. Mwali wake ukalala upande wa ndani, ukawaelekea wao, kana kwamba kuna mtu mlangoni anaupuliza bila kuchoka.

Macho ya Recho yakaanza kuwasha. Akadhani ni machozi. Kichwa kikawa kizito, ulimi ukawa na ladha ya sarafu. Akadhani ni hofu. Nje lambo lilikuwa linatoa sauti ndogo, bwak, bwak, kama mtu mzee anayeonja mboga.

Mtoto akafumbua macho. "Mama," akasema, "bibi amenikalia kifuani."

Ikupa akapiga magoti. "Ameingia! Karibu, wifi yangu. Mtazame mtoto wako."

Jofrey alikuwa analia kwa sauti, mwanamume mzima. "Mama, mwache. Nakuomba, mama, mwachie mwanangu." Na hapo hakuna aliyejua anaongea na yupi, maana wote wawili aliwaita mama.

Recho aliinuka aufunge mlango. Ikupa akanyoosha mguu akauzuia. "Ukifunga sasa, unamfungia humu ndani na mtoto. Keti."

Recho akaketi. Hilo ndilo jambo ambalo halikumtoka tena maishani: kwamba aliambiwa aketi, naye akaketi.

Kulipopambazuka midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta hewa, na hewa haikuwa inapita. Recho hakuomba ruhusa tena. Alimnyakua, akamruka Ikupa aliyekuwa amesinzia kizingitini, akapanda kilima mbio kupitia kahawa, matawi yakimchapa usoni. Alikimbia bila kumbeba mgongoni, alimshika mbele kama mzigo wa vyombo. Alipofika juu kabisa, penye barabara, ambako upepo unatoka upande mwingine, mtoto alivuta pumzi. Moja. Ndefu. Halafu nyingine. Recho aliisikia ikiingia kama maji yanavyoingia kwenye dumu lililokauka. Akasimama pale akishangaa, hajui kwa nini ni pale. Kisha bodaboda ikatokea, wakaenda Vwawa.

Hospitali walimweka kwenye oksijeni. Nesi alikuwa mpole, akauliza yote ya kuuliza. Mnapikia kuni? Ndiyo, lakini jikoni ni nje. Kuna anayevuta sigara? Hapana. Mnalala na mkaa ndani? Hapana. Mtoto alizaliwa na uzito gani? Recho akajibu kila swali. Juu ya lambo hakuulizwa, naye hakujua kama lambo ni jambo la kusema kwa nesi. Ninyi mtakaofika hapo na watoto wenu, msingoje muulizwe. Semeni mnaishi upande gani wa maji machafu, na upepo jioni unaelekea wapi.

Mtoto alipata nafuu haraka mpaka wakashangaa. Alikuwa anakimbia kwenye korido akivuta kasha la dawa kwa kamba, akiliita gari la Tunduma. Ndipo akaja wifi yake Recho, Jenista, kutoka Ibaba, na kiroba cha viazi na kelele zake.

"Yuko wapi mama yangu? Ndiye huyu anayekimbia? Mimi nimelia njia nzima, kumbe yeye anaendesha magari!"

Akanyoosha mikono kumbeba, na bangili ikateleza kwenye kiwiko chake. Nyekundu. Inang'aa. Recho akaikodolea macho.

"Wifi, hiyo unaisugua na nini?"

"Kuisugua?" Jenista akacheka. "Nina muda huo? Naingia nayo kwenye viazi, naingia nayo kwenye samadi. Naosha mikono, basi."

"Haijawahi kuwa nyeusi?"

"Kwa nini iwe nyeusi?"

Recho akauinua mkono wa mtoto. Bangili pacha, mama mmoja, siku moja ya kununuliwa. Moja kama kaa la moto, nyingine kama mkaa uliozimika. Jenista aliacha kucheka.

Waliporuhusiwa, Jenista aliwasindikiza nyumbani. Walishuka kwenye bodaboda pale juu barabarani, wakaanza kushuka kwa miguu. Penye kona ya migomba Jenista akajiziba pua kwa kanga. "Mungu wangu! Kuna ng'ombe amefia huku?"

Na Recho, kwa kuwa alikuwa amekaa mbali siku kadhaa, aliisikia. Ilimpiga usoni kama mlango. Akasimama katikati ya njia, mtoto mgongoni, akatambua kwamba harufu haikuwahi kwisha. Ilikuwepo siku zote, kwenye mablanketi, kwenye uji, kwenye nywele za mwanawe. Ni pua yake ndiyo iliyokuwa imekufa.

Jioni ile ile, upepo ulipoanza kushuka, mtoto alikohoa. Kikavu, kikavuta, kikavuta tena, kikaishia na mluzi.

Recho alifanya jambo moja. Alimwomba Jenista bangili yake, akaitundika kwenye msumari mlangoni, upande wa bonde, akasema isiguswe. Jenista alikuwa bado hajaondoka ilipoanza kufifia, kwanza pembeni, kisha yote. Ikawa nyeusi kama pacha wake.

Wakamwita Ikupa aione. Recho aliamini mambo yamekwisha, kila mtu sasa ataelewa. Ikupa akaitazama, akashika kichwa. "Mmeona? Hata binti yake wa kumzaa amemkasirikia! Mtoto arudishwe kule tena, na safari hii na Jenista alale naye."

Jofrey akainamisha kichwa. Recho akaona anakubali. Akaona ule mlango ukiegeshewa jiwe tena, na mwali wa koroboi ukilala ndani. Mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Shangazi, shikamoo tena, na unisamehe. Twende stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Twendeni tu."

Kwenye mlango wa stoo ya kahawa kulikuwa na kufuli la shaba ya njano, ambalo Jofrey alilinunua Tunduma mwanzoni mwa msimu huu. Lilikuwa limegeuka, jeusi na la kahawia, kama limetolewa kaburini.

"Kufuli hili mama hakuliona wala hakulijua," Recho alisema. "Amelikasirikia kwa lipi? Na waya wa redio umekuwa mweusi, naye amekosana na redio? Mimi namheshimu marehemu. Nimemwogesha kwa mikono hii. Mama alimpenda kila mtoto aliyepita njia hii, leo mnamsingizia kwamba anamkaba mjukuu wake! Anayetuingilia humu ni upepo. Unapita juu ya lile lambo mlilolijaza maji ya kahawa, unabeba sumu, unaingia mlangoni. Kama unaweza kuila shaba, kifua cha mtoto utakiachaje?"

Jofrey alisogea, akaweka kidole gumba kwenye kufuli, akasugua mpaka njano ikachungulia. Kisha akageuka akatazama bondeni, ulikokuwa mfereji wake, umenyooka kama alivyouchimba.

Alikwenda kwenye kikundi. Alisema, na Recho hakuwahi kumlaumu kwamba hakusema. Kefa akauliza mbele ya watu, "Jofrey, siku hizi shemeji ndiye mtaalamu wa hali ya hewa? Atuambie basi na mvua itanyesha lini!" Wakacheka wakafa. Kisha wakakubaliana kwa upole kwamba msimu ukiisha watachimba shimo jingine, mbali, la kuchuja. Msimu ukiisha. Magari ya kahawa yalikuwa yamesimama barabarani, nani angefunga mtambo?

Recho alikunja nguo za mtoto kwenye kiroba cha viazi.

"Unamchukua mama?" Jofrey aliuliza.

"Namchukua mwanangu, Baba Tabita. Twende wote."

"Nani ataangalia kahawa? Na makaburi?" Akaomba abaki na bangili ya mtoto, japo hiyo. Akaisugua ikang'aa, akaitundika kwenye ule msumari wa mlangoni. Bangili nyingine Jenista naye aliisugua, akamvisha mtoto, akasema yeye mikono yake imeshazeeka, haihitaji urembo.

Ibaba ni juu, kuna baridi ya kung'ata meno, na ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Kama ugonjwa ungekuwa wa baridi, mtoto angekufia huko. Alinenepa. Alilala usiku kucha mdomo umefumbwa. Recho aliendelea kuamka kumsikiliza, sikio juu ya kifua kidogo, akisubiri mluzi. Mluzi haukuja. Kila asubuhi alitazama mkono wa mtoto kabla hajamtazama uso. Nyekundu.

Jofrey alipiga simu kila Jumapili. Jumapili moja alikuwa na furaha.

"Mama Tabita, habari njema. Harufu imekwisha."

Recho alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. "Imekwisha kivipi?"

"Imekwisha kabisa! Mwanzoni tangu mwondoke ilikuwa kali, mpaka natapika. Sasa sisikii kitu. Hata pale kwa mama nimehamia kulala, karibu kabisa na maji, bangili nimeitundika mlangoni pake, na nalala vizuri tu. Mrudishe mama nyumbani, anakosa shule ya awali. Nyumba imekuwa kubwa mno bila ninyi."

"Mtambo umesimama?"

"Hapana, si bado kahawa zipo."

"Mmechimba shimo jingine?"

"Tutachimba msimu ukiisha, nimekwambia. Lakini harufu haipo, Mama Tabita. Naapa. Navuta hivi pumzi, hakuna."

Akavuta pumzi ili asikie. Na Recho akasikia. Kwanza kikavu. Kikavuta. Kikavuta tena. Kikaishia na mluzi mwembamba kama wa birika.

Mtoto, aliyekuwa sakafuni akipanga maganda ya viazi, aliinua kichwa. "Huyo ni bibi?"

Recho aliibana simu sikioni mpaka ikamuuma.

"Baba Tabita. Nenda mlangoni. Tazama bangili."

Akasikia hatua zake, akasikia mlango, akasikia na upepo ukigonga simu.

"Ina rangi gani?"

Jofrey alikohoa tena, akijaribu kukizuia ndani ya kiganja.

"Mtoto haji," Recho akasema. "Acha kahawa. Usifunge hata mlango. Panda mpaka barabarani, sasa hivi, uje."

"Nitakuja," alisema Jofrey kutoka mbali, kwa sauti nzito ya mtu anayesinzia. "Ngoja nikae kidogo hapa. Kuna mapovu mazuri leo, Mama Tabita. Yanang'aa na jua."

"Usikae! Inuka! Baba Tabita, inuka upande kilima!"

Upepo ukaendelea kuvuma ndani ya simu. Recho aliinuka akiwa bado ameishika sikioni, akitaja jina lake, na kwa mkono mwingine akampapasa Jenista, aliyeketi kibarazani, kutafuta simu yake, ampigie Kefa, ampigie Ikupa, ampigie yeyote aliye kule bondeni ambaye pua yake bado inafanya kazi.